Mzee wa spea mtumba za Beetle: nyota nne, ya tano nimeibana

Wakuu, niliahidi nikimaliza injini ntaandika, injini haijaisha ila naandika hivo hivo maana nikisubiri iishe mtakuwa mmeshauziwa takataka. Hii ni review ya duka moja la spea za injini mtumba, mwenyewe ni mzee anayeshughulika na Volkswagen za injini inayopozwa kwa hewa tu, Beetle na Kombi basi, ukimtajia gari nyingine anakuangalia kama umemuuliza njia ya kwenda mwezini. Jina la duka silitaji kwa sababu ameniomba nisilitaje, anasema wateja wakimjaa hatapata muda wa kupima. Mi niliona ni kisingizio mpaka nilipomuona anavyopima.

Tuanze na gari ili muelewe nilikuwa natafuta nini. Ni Beetle ya 1970, ile ya injini ya cc 1500, namba ya injini inaanza na herufi H. Kwa wasiojua, namba iko kwenye kesi ya injini chini kabisa ya kile kisimamio cha dainamo, unafuta grisi na tambara unaisoma. D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, AD na AS ni 1600. Bodi niliipata nzuri kuliko nilivyostahili lakini injini ilikuwa imekufa vibaya, krenki (ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) imeliwa, hedi zote mbili zina nyufa, silinda namba 3 ndani imechanika kama imekwaruzwa na msumari, na nusu ya mabati ya kuongozea hewa hayapo. Kesi yenyewe ilikuwa ya kwake orijino na mi nikasema hiyo siitupi, natafuta vya kuweka ndani.

Sasa kosa la kwanza ni langu, sikuanza kwa mzee. Nilianza kwa muuzaji mwingine (naye simtaji, kwa sababu tofauti kabisa) aliyekuwa na hedi mbili za singo pot (kila hedi ina tundu moja tu la kuingizia hewa na mafuta) zinang'aa kama sufuria mpya, zimepulizwa rangi ya fedha, nikazifunga kwenye blanketi nikaziweka kiti cha mbele kama nimebeba mtoto. Fundi wangu hata hakusema kitu, alichukua brashi ya waya akasugua kati ya kiti cha valvu na tundu la plagi, rangi ikatoka, na chini ya rangi kuna kitu kama putty, akakichokonoa na ncha ya bisibisi kikabanduka, ufa huo, mrefu, umeanzia kwenye kiti umeingia mpaka kwenye uzi wa plagi. Hedi ya pili haikuwa na ufa, nikashukuru Mungu, tukachukua silinda kujaribu kuiingiza na haingii. Hedi ya 1300! Ukiiangalia kwa nje zinafanana, singo pot zote, ila ya 1300 ni ya silinda ndogo za kipenyo cha milimita 77 na ya kwangu ni 83. Nilivyompigia jamaa akanijibu maneno matatu, mtumba ni mtumba, akakata simu.

Basi nikaenda kwa mzee nikiwa na hasira na haraka, na nimeshanyooka, nataka krenki leo leo niondoke nayo.

Kitu cha kwanza unachokiona mle ndani ni kwamba hakuna lundo. Nimeshazoea maduka ya mtumba ambayo unaambiwa ingia humo utafute mwenyewe, unapanda juu ya magiaboksi kama mbuzi. Kwa huyu kila kitu kina kibati kidogo kimefungwa na waya, kimeandikwa kwa msumari: herufi ya injini kilikotoka, mwaka kama anaujua, na kasoro yake. Kasoro, yaani anaandika kasoro mwenyewe kabla hujaiuliza. Niliona kamshafti imeandikwa "meno safi, nundu ya 2 imeliwa". Krenki hazilali, zimesimamishwa wima kwenye rafu kila moja kwenye tundu lake, zimepakwa oili na kuviringishwa nguo. Nikamuuliza mbona umezisimamisha, akasema chuma kirefu ukikilaza hovyo miaka kinajua kupinda.

Nikamwambia mzee wangu naomba krenki ya stroku ya 69, yaani pistoni inasafiri milimita 69 (1300, 1500 na 1600 zote zinatumia 69, ya 1200 ndo 64, hii ikae kichwani). Akaniuliza, "Kesi umeipima?" Nikasema kesi nzima, haina ufa, nimeiosha. "Sijakuuliza kama umeiosha." Nikanyamaza. Akaniambia sikuuzii krenki leo, nenda kapime kesi, urudi.

Wakuu niliudhika. Nimetoka mbali, nimebeba pesa, na mtu ana bidhaa hataki kuuza. Lakini alinieleza na ndo sehemu ninayotaka muishike kwa sababu hata mafundi wengine wanairuka. Kesi ya Volks ni nusu mbili za aloi ya magnesiamu, laini kuliko chuma, na krenki inapigapiga mle ndani miaka yote hiyo, hasa pale katikati, ile nyumba ya beringi inapanuka na kuwa yai. Kwa hiyo beringi zake zinanunuliwa kwa vipimo viwili, nje kulingana na kesi imechongwa ovasaizi gani (imepanuliwa kiasi gani), na ndani kulingana na krenki imesagwa andasaizi gani (imepunguzwa kiasi gani). Ukinunua krenki bila kujua kesi yako imekaaje, ukanunua na beringi za kubahatisha, utafunga injini nzuri kwa macho na presha ya oili itakimbia ikishapata moto, taa ya oili inakukonyeza ukiwa kwenye foleni.

Nikaenda kwa mtu wa mashine, akapima, na kweli nyumba ya katikati ilikuwa imepigwa. Tukachonga njia yote ya beringi hatua ya kwanza, milimita 0.50. Ningenunua vile nilivyotaka ile siku saa hizi ningekuwa nafungua tena.

Niliporudi alifurahi kweli, akatoa krenki tatu. Hapa ndo pa kuangalia. Ya kwanza aliitundika kwa waya kwenye ndoano ya dirishani, akachukua kinyundo kidogo akaigonga kwenye bega, ikalia ngiiii ikaendelea kulia hata baada ya yeye kuweka nyundo chini na kufuta mikono. Ya pili akaigonga, ikasema du. Kama umegonga gunia la mchanga. Akaigonga tena sehemu nyingine, du. Hakusema chochote, akaishusha, akakwangua kile kibati chake na kwenda kuitupa kwenye pipa la chuma chakavu nje, nikasikia ilivyoanguka. Mi kwa macho yangu ile ya pili ndo ilikuwa nzuri zaidi, safi, inang'aa. Yule jamaa wa rangi ya fedha angeniuzia hiyo.

Ya kwanza na ya tatu akazipima kwa mikromita, kila jonali (pale beringi inapokaa) mara mbili, juu-chini halafu pembeni, ili aone kama ni duara au imeshakuwa yai, anaandika namba kwenye karatasi halafu ananipa mikromita nipime mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikapata namba za ajabu, akanielekeza, shika hivi, usikaze, acha ile ratcheti ikwambie. Nikachukua ya tatu, ilishasagwa mara moja kwa 0.25, kwa hiyo beringi zangu ni nje 0.50 ndani 0.25, nikaandika nikaenda kununua mpya. Beringi hauzi za mtumba hata ukilia.

Kuna orodha nzima ya vitu hauzi, na naona bora niiseme maana inaonyesha mtu. Beringi, ringi, nati za konrodi, na valvu za ekzosi. Kwenye valvu za ekzosi ana hadithi na pistoni ya kuonyesha, iko juu ya meza yake kama kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke, katikati kuna tundu na kichwa cha valvu kimejichomeka humo. Imetoka silinda namba 3. Kwenye injini za zamani rejeta ndogo ya oili imesimama ndani ya boksi la feni, inaziba hewa inayokwenda namba 3, kwa hiyo hiyo silinda inaungua kuliko wenzake, valvu inachoka, shingo inakatika, kichwa kinadondoka ndani injini inazunguka. Kuanzia modeli za 1971 ndo wakaitoa rejeta wakaipa kijumba chake kimetokeza nje, wapenzi wa hizi gari wanakiita kibanda cha mbwa. Yangu ni ya 1970, nimekosa kwa mwaka mmoja, na hili tutalirudia.

Hedi. Nilimwambia yaliyonikuta akacheka mpaka akakohoa. Kupima nyufa anatumia mafuta ya taa na chaki, mbinu ya kizamani kabisa na inafanya kazi. Anapaka mafuta ya taa pale kati ya viti na tundu la plagi, anaacha hata saa nzima yapenye, anafuta mpaka pakauke, halafu anakwangulia vumbi la chaki juu. Ukisubiri kidogo, kama kuna ufa mafuta yanatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Tulipima nne tukapata mbili. Moja haikuwa na mstari wowote. Ya pili haina ufa lakini gaidi za valvu zimelegea (vile vibomba ambamo valvu inateleza, za valvu jamani, msikimbie), akainua valvu kidogo akaitikisa inacheza kushoto kulia, akaniambia hii nakuuzia kama una mpango wa kuweka gaidi mpya, kama huna mpango iache. Nikaichukua kwa bei ya chini kuliko ile nyingine, sikuhitaji hata kuomba.

Silinda na pistoni nikachukua seti moja, 83, zote nne zimetoka injini moja na bado doa la rangi juu ya pistoni linaonekana kwa mbali (kiwandani walizipanga kwa rangi, bluu, pinki, kijani, kulingana na kipimo, kwa hiyo ukiuziwa nne za rangi tofauti jua ni za kuokoteza). Niliomba anitumie hizi kwa sababu zilikuwa nzito na nilikuwa na krenki na hedi tayari.

Na hapa ndo nyota ya tano ilipopotelea.

Mzee anajua kupima, kufungasha hajui. Krenki alivyoifunga niondoke nayo ilikuwa kama anamvika mtoto, ila silinda nne za chuma aliziweka boksi moja, gazeti kidogo katikati, basi. Silinda za Volks zina mapezi ya kupozea, membamba, chuma cha kumimina, zikigongana yanavunjika kama biskuti. Nilipofungua boksi nilisikia kabla sijaona, vipande vinacheza chini. Silinda moja mapezi mawili yamemeguka, kubwa. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena kesho yake, hakupokea. Baadae nikaja kujua hapokei simu mchana, mikono ina oili, unampata asubuhi mapema au usiku. Nilipompata hakubisha hata kidogo, alisema hiyo ni yangu mimi, ntakupa nyingine, lakini ilibidi atafute inayolingana na kipimo cha zile tatu na ikachukua wiki tatu, na mimi injini iko wazi nimeifunika shuka. Halafu picha. Ukimuomba picha ya kitu anakutumia picha moja imepigwa gizani, huoni kama ni hedi au ni paka amelala. Kama huwezi kwenda mwenyewe, sijui nikushauri nini, labda utume mtu mwenye macho.

Mabati ya kuongozea hewa nataka niseme kidogo kwa sababu watu wanayadharau. Injini hii haina maji, ni feni na mabati, kila kipande kina kazi, kinapeleka hewa baridi kwenye mapezi na kuizuia ile ya moto ya chini isirudi juu. Ukiona injini inauzwa bila mabati ya pembeni na ya chini, jiulize ilikuwa inapoaje. Nilishawahi kujaribu mabati mapya ya kunakili, membamba, matundu hayalingani, unafungua bolti moja ili kuingiza nyingine. Ya mtumba orijino hata yakiwa na kutu yanakaa mahali pake, unapiga mswaki unapaka rangi nyeusi. Kwa mzee yako mengi, mengine yamepinda, anakuachia uchague, na mpira wa kuzunguka chumba cha injini ununue mpya usibishe.

Kabureta niliipita haraka. Anazo Solex 30 PICT (aina ya kabureta) kama nne, unashika ile shafti ya chini unaitikisa, ikicheza ujue itanyonya hewa na sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) haitakaa chini hata uzungushe skrubu mpaka uchoke. Tatu zilicheza. Nikachukua ya nne.

Kwa mnaotaka kununua injini nzima badala ya vipande (wengi mmeniuliza), nilikuwepo siku jamaa kaleta injini nzima anataka kumuuzia mzee, na video yake kwenye simu inaunguruma vizuri tu. Mzee hakuangalia video. Alichuchumaa nyuma, akashika puli ya krenki kwa mikono miwili, akaisukuma ndani akaivuta nje. Tok. Tok. Ilisikika mpaka nilipokaa. Inatakiwa icheze kati ya 0.07 na 0.13 milimita, yaani kwa mkono unahisi kitu kidogo sana au huhisi kabisa, ikishagonga tok ya kusikika ina maana beringi ya upande wa flaiwili imetembea ndani ya kesi. Akamrudishia jamaa simu akasema hii nachukua kwa bei ya mabati. Jamaa akaondoka na injini yake, kuna mtu ataiona hiyo video.

Nilimuuliza mzee kwa nini vitu vizuri vinazidi kuwa adimu wakati zilitengenezwa Beetle zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka Mexico 2003. Akasema mwanangu, injini hizi hazikukaa kwenye Beetle tu, watu walizichomoa wakazifunga kwenye vigari vya kukimbizia mchangani na hata kwenye ndege ndogo, na krenki nzuri ndo wanaanza nazo hao. Kwa hiyo anachogombania ni kilichobaki na anakipangusa na kukisimamisha wima.

Ubaya mwingine: anaongea sana, panga siku nzima. Risiti anaandika kwa mkono na dhamana ni ya mdomo, ingawa nilichoona anaitimiza. Hapunguzi bei kwa anayechukua vingi, nilijaribu. Na usimwambie una haraka.

Kuhusu kile kibanda cha mbwa, wa orijino mtanisamehe, nimeamua ntaweka kwenye 1970 yangu, herufi H itabaki ila namba 3 ipumue. Inahitaji boksi lake, rejeta yake na feni yake maana ni pana kuliko ya zamani, kuchanganya vipande haitakiwi. Jana usiku mzee kapiga mwenyewe, amepata boksi moja limetoka kwenye 1600, feni ipo, rejeta hajaipima presha bado, kijimlango kimoja cha hewa bawaba imekatika. "Nikuwekee au niuze?" Nikamwambia weka, ila mzee wangu hii naifuata mwenyewe, usinitumie.